Dizaini Nzuri, Kazi Imechelewa: Wanachuo wa Dizaini Tuwafundisheje Usimamizi?

Mwishoni mwa Mei watu wa machapisho hapa Arusha hawalali. Masika ndo yanaisha, sizoni ya wageni inabisha hodi, na mwanzoni mwa Juni kuna maonesho ya Karibu-Kilifair ambapo kila kampuni ya utalii, iwe kubwa iwe ya mtu na binamu yake, inataka broshua, mabango, kadi na tisheti za wafanyakazi, na wote wanavitaka wiki hiyohiyo moja. Miaka kadhaa nyuma, ndo nimetoka chuo, mama mmoja mwenye kampuni ndogo ya utalii alinipa kazi ya broshua 500. Nikakesha siku tatu nahangaika na rangi ya machweo ya Serengeti mpaka ikakaa ninavyotaka, broshua ikatoka nzuri kweli, ila ilitoka Jumatatu na maonesho yalifungwa Jumapili. Mama hakunifokea. Alizipokea, akazipanga kwenye kona ya ofisi, akaniuliza "mwanangu, sasa hizi nimpe nani?" Nilikosa jibu, na mpaka leo nikipita ule mtaa naisikia ile sauti.

Nimeanza na hii stori kwa sababu chuoni dizaini nilipata A. Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza kazi hii itakula masaa mangapi, nani ataipitisha kabla haijaenda kwa mchapaji, mchapaji mwenyewe ana foleni ya siku ngapi. Sa hivi nina vipindi vichache kwenye chuo kimoja hukuhuku, muda mwingine niko kwenye fremu yangu Kaloleni, na kila semista ikianza walimu wenzangu wanarudi kwenye swali lilelile: hawa wanachuo wa dizaini tuwafundishe menejimenti au tuwaache, na kama tunawafundisha tuwafundishe nini hasa, maana mtaala umeshajaa mpaka pomoni.

Mi naona mkanganyiko unaanzia kwenye neno. Ukisema usimamizi mbele ya walimu watano, kila mtu anaona picha yake. Mmoja anaona mwanafunzi anayefika kwa wakati na kumaliza alichoanza. Mwingine anaona usajili wa BRELA (wakala wa kusajili biashara), TIN yaani namba ya mlipa kodi, leseni na daftari la mauzo. Mwingine anaona bosi nyuma ya meza kubwa anaamua magari ya kampuni yapakwe rangi gani. Wote wako sawa ila wanaongelea vitu vitatu, na usipovitenganisha utabishana mwaka mzima bila kujua kipi kifundishwe mwaka wa kwanza, kipi mwaka wa mwisho, kipi kisubiri mtu ashaingia kazini.

Kuna kusimamia kazi yenyewe: muda, hatua, wenzako, mteja, fundi. Hii inamgusa kila dizaina, hata aliyeajiriwa, hata anayechora magauni ya kitenge pale Moshi mjini, hata anayechora fenicha. Kuna kusimamia ofisi yako: bei, kodi, advansi, madeni, kijana wa kukusaidia. Hii inamgusa anayejitegemea, na kwa ajira zilivyo hao ni wengi kuliko tunavyokubali tukikaa kuandika mitaala. Afu kuna kusimamia dizaini ndani ya taasisi kubwa, yaani kuhakikisha kila kinachotoka pale, kuanzia fomu mpaka jengo, kinaongea lugha moja.

Hii ya mwisho ndo ina historia ndefu huko nje. Mwaka 1907 kampuni ya umeme ya AEG ya Berlin ilimchukua mbunifu Peter Behrens, akawachorea nembo, matangazo, taa, birika za umeme, hadi kiwanda chao cha mitambo ya tabaini. Kuigeuza kazi hiyo kuwa somo kulichukua muda. Mwaka 1975 kule Boston ikaanzishwa Design Management Institute, taasisi ya usimamizi wa dizaini, na miaka hiyohiyo ya 1970 Peter Gorb akaanza kufundisha mambo ya dizaini pale London Business School. Sasa angalia Gorb alikuwa anamfundisha nani. Alikuwa anawafundisha mameneja dizaini, wakati sisi tunataka kuwafundisha madizaina umeneja, safari mbili zinazotoka ncha tofauti. Vyuo vingi vinakosea hapa, vinachukua somo lililotungwa kwa watu wa biashara vinalibandika kwa watu wa dizaini vikidhani gari ni lilelile.

Inavyokuwaga ni hivi. Somo linaitwa kanuni za menejimenti, mwalimu anatoka idara ya biashara, ukumbini kuna wanafunzi zaidi ya mia, wa uhasibu, wa manunuzi na wa dizaini wamechanganywa. Wanaanza na Henri Fayol, yule mhandisi wa migodi wa Ufaransa aliyechapisha nadharia yake mwaka 1916, na kazi zake tano za meneja: kupanga, kuunda mpangilio wa watu na vitu, kuamuru, kuratibu, kudhibiti. Mwanafunzi anakariri, mtihani unakuja, anapata B. Jioni anarudi studio anakuta grupu lao la watu sita bado linabishana nani achore kifungashio cha kahawa na prezentesheni ni kesho saa mbili. Hakuna aliyemwonyesha kwamba kile alichokikariri mchana ndo kile kinachomkwamisha usiku. Fayol mwenyewe hana kosa, aliandika akitokea kwenye kampuni ya migodi ambako mtu anajua kesho anachimba nini. Dizaini unaianza hujui mwisho wake ukoje, mteja naye hajui, na kusimamia kitu ambacho hujakiona bado ni ujuzi wa namna yake, haukai kwenye slaidi za ukumbini.

Mafunzo ya dizaini karibu kila nchi yanazunguka studio: unapewa kazi, unachora, unabandika ukutani, mwalimu na wenzako wanaichambua. Sehemu kubwa ya utaratibu huo ilikomaa kwenye shule ya Beaux-Arts pale Paris karne ya 19, na wamewaachia madizaina neno moja linalotumika mpaka leo, charrette, maana yake mkokoteni. Siku ya kukusanya kazi mkokoteni ulipitishwa kuchukua michoro, na wanafunzi waliufukuzia huku bado wanamalizia kuchora. Mtu wa Arusha anaelewa haraka, maana ukienda soko la Kilombero alfajiri unaiona mikokoteni inavyokimbizana na mzigo. Tofauti ni kwamba mwenye mzigo wa ndizi ameanza kuhesabu kabla: zilikatwa lini, gari la Dar linaondoka saa ngapi, zikilala leo kesho zitakuwa na rangi gani. Sisi kwenye studio tumerithi mkokoteni peke yake. Siku ya mwisho ipo, ni kali, alama zinakatwa, ila zile wiki saba za kabla yake ni pori tupu, kila mwanafunzi anajikatia njia yake.

Kwa hiyo ninachokisema, na nimekisema kwenye vikao mpaka wenzangu wamenizoea, ni kwamba usimamizi wa kazi ufundishwe ndani ya studio, kwenye kazi ileile anayoichora, na mwalimu yuleyule wa dizaini, na uwe na alama zake kwenye kazi hiyohiyo. Somo la biashara libaki, ila lije baadaye. Sasa nifafanue kwa vitu vyenyewe.

Muda kwanza. Tunawaambiaga wanafunzi wavivu. Wengine kweli, ila kuna jambo kubwa kuliko uvivu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika juu ya tabia ya binadamu kukadiria muda kwa matumaini kuliko ushahidi alionao mwenyewe, na mwaka 1994 watafiti wa Kanada wakaipima kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliokuwa wanaandika tasnifu. Waliwauliza mtamaliza kwa siku ngapi, wastani wa majibu ukawa kama siku 34. Wakawauliza tena, na kila kitu kikienda hovyo kabisa? Kama siku 49. Uhalisia ulipokuja ukawa siku 55 na ushee. Yaani hata hesabu yao ya mkosi ilikuwa ya matumaini! Na hao hawakuwa wanafunzi wabaya, ni watu wa kawaida ambao wakati wa kukadiria hawaangalii ilivyokuwa mara ya mwisho, wanaangalia wanavyotamani iwe.

Ukishalijua hilo unaacha kugomba unaanza kuweka kumbukumbu. Darasani kwangu kila mtu ana daftari la masaa. Kabla hajagusa penseli anaandika kila hatua itachukua muda gani, kuongea na mteja, kutafuta taarifa, michoro ya mkono, kompyuta, marekebisho, faili la mchapaji, na pembeni anaacha safu tupu ya kujaza muda uliotumika kweli. Wiki za mwanzo ni majonzi. Mtu kaandika masaa mawili, yametumika tisa. Na kuna hatua moja ambayo mwanzoni hakuna anayeiandika kabisa, nayo ni kusubiri. Kusubiri mteja aliye porini Ngorongoro na mtandao hamna, kusubiri umeme, kusubiri kitambaa kinachokuja na basi kutoka Kariakoo, kusubiri mchapaji amalize daftari za shule za mtu mwingine. Kwenye daftari kusubiri hakuna jasho kwa hiyo mwanafunzi anakuona kama si kazi, wakati ukijumlisha mwisho unakuta siku nyingi zimeishia huko. Dizaina anayejua kusubiri kunakaa wapi anapanga kitu kingine cha kufanya wakati huo, na asiyejua anakaa anaangalia simu.

Pesa. Hapa niombe uvumilivu kidogo, nataka tupige hesabu pamoja, kwa sababu nimekutana na wahitimu wenye digrii wanachaji nembo elfu thelathini na ukiwauliza imetoka wapi wanajibu "ndo bei ya mtaani". Tuseme kijana ana fremu ya 150,000 kwa mwezi. Umeme na bando 90,000. Kompyuta kanunua 1,800,000 na itamsaidia miaka mitatu, ina maana kila mwezi inaliwa 50,000 hata kama hakuna anayemdai. Nauli, vocha na karatasi za sampuli 60,000. Na yeye mwenyewe ajilipe, tuseme 530,000, maana anakula na ana kodi ya chumba. Jumla 880,000. Mwezi una siku kama 22 za kazi, masaa manane kwa siku, ni masaa 176, ila nusu yake inaenda kwenye kutafuta wateja, kudai, kuzunguka, kutengeneza mashine, kwa hiyo anayoweza kumwandikia mteja ni 88. Gawanya. Saa moja ni 10,000. Ile nembo ya elfu thelathini imemlipa masaa matatu, na daftari lake linasema alitumia kumi na manne. Kwa hiyo kila nembo anayouza amemchangia mteja 110,000 na hajui, anaona tu mwezi unaisha na hela haionekani, anasema biashara ngumu.

Ukimwonyesha mwanafunzi hii hesabu kwa namba zake mwenyewe uso unabadilika. Sisemi kila mteja atalipa 140,000, mama wa genge hawezi na pengine hapaswi. Ninachotaka ni ajue, ili akimpunguzia mtu iwe ameamua kumpunguzia. Anaweza pia kuamua kazi ya mama wa genge ifanywe kwa masaa matatu kweli, chaguo moja, marekebisho mara moja, na hapo dizaini yenyewe inabadilika, inakuwa nyepesi na ya moja kwa moja. Bei ikishaingia mezani na mchoro unageuka, ndo maana nang'ang'ana visomwe chumba kimoja.

Kuna na hili dogo ambalo linawaumiza wengi kwenye kazi ya kwanza. Umetoa invoisi ya milioni moja kwa kampuni, unalipwa 950,000, unaanza kugombana na mhasibu. Ile 5% ni kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma, kampuni inaikata inaipeleka mamlaka ya mapato, TRA, kwa jina lako, na unatakiwa udai cheti chake kikusaidie kwenye hesabu ya kodi ya mwaka. Kulifundisha hili kunachukua dakika kumi.

Sasa watu. Siku moja nilikuwa nafundisha kugawana majukumu, darasa limepoa kabisa, saa nane mchana, nikaacha nilichokuwa nasema nikauliza nani hapa amewahi kukaa kamati ya harusi. Mikono karibu yote. Nikawaambia haya, nielezeeni ilivyokuwa, na pale kipindi kikaanza upya.

Maana kamati ya harusi ni usimamizi wa mradi kamili, na huku kwetu watu wamelelewa nao tangu wadogo. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Kuna kamati ndogo, chakula, vinywaji, mapambo, usafiri, na kila moja ina mtu mmoja wa kuulizwa. Tarehe haisogei, kanisa au msikiti umeshapangwa, na kama ni Moshi mwezi wa kumi na mbili watu wote wamepanda nyumbani basi ukumbi ulilipiwa advansi tangu Juni. Bajeti ni milioni 12, ahadi zimefika 12, ila zilizoingia kwenye simu ya mweka hazina ni 8, na kila jioni katibu anatupia orodha kwenye grupu, waliotoa na walioahidi. Zikibaki wiki mbili kamati inakaa kuamua kipi kife. Mapambo ya dari yanapunguzwa, idadi ya kadi inashushwa, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, haiguswi. Nikawauliza kwa nini ndafu haiguswi, wakanishangaa, wakasema bila ndafu hiyo si harusi. Basi hapo nikawaambia kila kazi ya dizaini ina ndafu yake. Kuna kitu kimoja au viwili ambavyo ukiviondoa kazi imekufa, na vingine vyote ni mapambo ya dari. Anayejua ndafu ya kazi yake anaweza kupunguza mambo siku zikiisha bila kuua alichokusudia, na asiyejua atapunguza popote, mara nyingi kwenye kitu ambacho mteja alikihitaji kuliko vyote.

Walijadili hadi yule mjomba aliyetoa milioni moja akataka mwimbaji wake. Kwenye dizaini huyo mjomba yupo pia, ni mume wa mwenye kampuni, ni mwenyekiti wa bodi, hukumwona kwenye vikao vyote na siku ya mwisho anakuja kusema rangi ya kijani haipendi. Kamati nzuri inamjua mjomba mapema, inamfuata kwake na kumsikiliza kabla. Wanafunzi waliyajua haya yote, wala sikuwapa kitu kipya, hakuna tu aliyewahi kuwaambia kwamba ni elimu na wanaweza kuingia nayo studio.

Ila mfano wa harusi unaishia mahali, na nisipolisema hilo nitakuwa nimewapotosha. Kamati inasogea kwa sababu watu wana undugu, mtu akizembea mama yake atamwuliza. Grupu la wanafunzi sita halina huo undugu. Ndo maana kwenye studio lazima mambo yaandikwe: nani, nini, lini, na akikwama amwambie nani. Mimi huwa nagawa alama za grupu sehemu mbili, kazi iliyotoka, na kumbukumbu za vikao zinazoonyesha nani aliahidi na akatimiza. Mwanzo walilalamika, sa hivi wale waliokuwa wanabebeshwa mzigo wa wenzao ndo wanaitetea.

Na watu siyo wenzako tu. Kuna fundi. Tumewalea wanafunzi wetu wanadhani fundi ni mashine ya kutoa walichochora. Nilimpeleka mmoja mtaa wa Unga Limited kwa fundi wa fenicha, amechora meza nzuri yenye uso mpana wa urefu wa sentimita 130. Mzee akaangalia ule mchoro akauliza taratibu, "mwanangu, plaiwudi unaijua?" Shiti ni futi 4 kwa 8, yaani kama sentimita 122 kwa 244, kwa hiyo kwenye meza ya 130 shiti moja inatoa uso wa meza moja, na kinachobaki hakitoshi wa pili. Ishushe iwe 120 unatoa mbili. Mabadiliko ya sentimita kumi, gharama ya mbao imekaribia nusu, na meza haijapoteza uzuri wowote. Angekuja kwa mzee wiki mbili kabla, akaamkia, akakaa kwenye benchi akauliza, asingechora mara mbili. Mwaka huu nimeomba kwenye ratiba kila mwanafunzi amtembelee atakayeitengeneza kazi kabla ya kuonyesha mchoro wa kwanza darasani, na ziara hiyo ina alama.

Kuhusu karatasi nitapita haraka. Brifu, yaani maelezo ya kazi, ya ukurasa mmoja, marekebisho mangapi yamo kwenye bei, mteja asaini sampuli kabla ya kuprinti, na iandikwe nani anamiliki kazi ikishalipwa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, na nembo kabla hujaipeleka kwa mteja uangalie BRELA kama hakuna alama ya biashara inayofanana nayo. Broshua zangu 500 zilichelewa kwa sababu nilikuwa nasubiri jibu la sampuli ambayo sikumwambia mama inatakiwa lini, naye alidhani mimi ndo namalizia.

Kile kitu cha pili, ofisi na biashara, mi nakiweka mwaka wa mwisho, baada ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwa sababu mwanafunzi aliyerudi fildi ameshaona mteja anavyokwepa simu na ana maswali yake mwenyewe. Hapo ndo umwonyeshe kwamba taasisi za umma zinatakiwa kutenga 30% ya manunuzi kwa makundi maalumu wakiwemo vijana, kwamba zabuni zinapita mfumo wa manunuzi wa mtandaoni wa NeST, kwamba ile 10% ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inakopesha ina 4% ya vijana ila ni kwa kikundi chenye katiba na akaunti. Na hapa kuna jambo linaniuma kidogo. Moshi, kilomita kama 80 tu kutoka hapa, kuna chuo kikuu kizima cha ushirika, kwenye mkoa ambao wakulima wa kahawa waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Madizaina kumi wanaohitaji mashine moja ya kuprinti mabango, ambayo hakuna anayeimudu peke yake, wana tatizo lilelile la wale wakulima, na sijawahi kusikia darasa la dizaini likipandishwa basi kwenda kuuliza ushirika unaendeshwaje, hesabu zinasomwaje, mnagombanaje na kupatana.

Cha tatu, kile cha Behrens cha kusimamia dizaini ndani ya taasisi kubwa, kionjeshwe tu. Mwambie mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aingie hospitali au ofisi ya umma, ahesabu vibao vya kuelekeza watu, aina za maandishi, fomu zinazouliza jina mara tatu, na mgonjwa anauliza njia kwa watu wangapi kabla hajafika maabara. Kisha aandike nani pale ndani anahusika kuamua hayo. Mara nyingi hakuna mtu, na hiyo nafasi tupu ndo kazi ambayo siku moja anaweza kuiomba. AFCON 2027 wageni watakuja na uwanja uko Olmoti, mtu anayeshuka stendi atahitaji kufika kule bila kuuliza kila kona, na vibao peke yake havitoshi kama hakuna anayesimamia viongee lugha moja.

Kuna mwalimu mmoja ninayemheshimu sana, amenitangulia miaka mingi, aliniambia kwa upole "mdogo wangu, ukiwahesabia masaa watoto hawa utawaua ubunifu". Sikumpuuza, nimekaa na hilo neno muda. Ana hoja, kwani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeangalia saa kila dakika hatathubutu kuharibu karatasi ishirini, na kuharibu karatasi ndo kujifunza. Kwa hiyo nilibadilisha. Kila kazi sasa ina siku zake za kucheza, haziandikwi kwenye daftari kabisa, unachora chochote, unakosea unavyotaka, ila zina mwanzo na mwisho vilivyoandikwa ukutani. Nilichokiona ni kwamba wanacheza zaidi kuliko zamani, kwa sababu hapo nyuma siku za kucheza zilikuwa zinaliwa na hofu ya mkokoteni, mtu anashika wazo la kwanza linalokuja kichwani kwa kuogopa muda. Siku tano zikishakuwa zako, unazitumia.

Kinachobaki kuwa kigumu ni sisi walimu. Wengi wetu tulifundishwa kuchambua mchoro, hatukufundishwa kuchambua mpango, na mwalimu ambaye hajawahi kumdai mteja atafundisha nini kuhusu kudai? Hapo lazima chuo kiwaite watu wa nje, msimamizi wa zamu wa kiwanda cha uchapishaji, mama mwenye duka la mitindo, mhasibu wa kampuni ya utalii, wakae kwenye meza ya uchambuzi pamoja na mwalimu wakiuliza maswali yao, na walipwe hata posho ndogo, tusiwaite kwa ahadi ya cheti cha shukrani. Bajeti ya hilo naijua haipo kwenye vyuo vingi. Ninayoweza kufanya bila bajeti ni kubadilisha mpangilio wa kusahihisha. Zamani nilikuwa naanza na kazi iliyobandikwa ukutani. Sa hivi naanza na daftari la masaa. Semista iliyopita kulikuwa na binti wa mwaka wa pili kutoka Usa River, mkimya, kazi ya kwanza aliandika masaa 6 yakatumika 15. Ya pili akaandika 9, yakatumika 14. Kazi ya nne, vifungashio vya asali kwa kikundi cha kina mama, aliandika 12 na siku tatu za kusubiri, yakatumika 13 na siku tatu za kusubiri, na asali ilifika Nanenane pale viwanja vya Themi siku mbili kabla ya kufunguliwa.